Shajara ya mradi: API ya mizani za pamba, na aina za maudhui tulizochagua na kuziacha

Huu ni mfumo mdogo wa API, yaani mlango wa seva ambao programu nyingine huzungumza nao, wa kupokea uzito wa pamba katika vituo vya ununuzi vya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja mkoani Simiyu. Data inaingia kwa njia mbili: simu ya karani, na mizani za kidijitali zilizofungwa ESP32, kadi ndogo ya kompyuta, yenye laini ya simu. Inasomwa na dashibodi ya ofisini na kompyuta ya mhasibu. Mambo ya kawaida kama hifadhidata, nenosiri na kukodi seva nayapitia juu juu, maana yameandikwa kila mahali. Kilichotula muda ni jambo ambalo watu hulimaliza kwa mstari mmoja wa kodi: data ikisafiri iwe na umbo gani, na heda ya Content-Type, maelezo yanayotangulia data na kutaja aina yake, iseme nini. Nimeliandika ili atakayejenga kitu kama hiki asianzie sifuri.

11 Machi 2024: JSON, na XML iliyojipenyeza

Tumeanza na `application/json` peke yake, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi kama majina na thamani zake. Kila lugha inaisoma, na mtu anaweza kuifungua kwa macho akaona tatizo liko wapi. Hatukuongeza `; charset=utf-8` mbele yake. RFC 8259 ya Desemba 2017 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) inataka JSON inayopita kati ya mifumo iwe UTF-8, njia moja ya kugeuza herufi kuwa baiti, na aina hiyo haina kabisa kigezo cha charset. Ukikiandika hakidhuru, ila hakina kazi.

Uzito tunautunza kwa gramu, namba kamili: 63500, si 63.5. Namba za simu na namba za uanachama ni maandishi, hata kama zina tarakimu tupu. Chochote ambacho hutakijumlisha wala kukigawanya, usikiite namba.

Hitilafu ya kwanza ilitokea wiki hiyohiyo. Mwenzangu anayejenga dashibodi alifungua anwani ya orodha ya wanachama kwenye kivinjari akakuta XML, umbo jingine la data. Mimi kwa curl, zana ya kutuma maombi kwa amri, napata JSON, anwani ileile. Fremuweki tunayotumia huja na uwezo wa kutoa XML ukiwa umewashwa, na huchagua kwa kusoma heda ya Accept, ambamo mwombaji hutaja umbo analotaka. curl hutuma `*/*`, yaani nipe chochote, kwa hiyo inapewa chaguo la kwanza la seva. Kivinjari kikifungua ukurasa hutaja `text/html`, kisha `application/xml;q=0.9`, halafu ndipo `*/*;q=0.8`. Hiyo q ni kiwango cha upendeleo, na kwa hesabu hiyo XML inaishinda JSON, na fremuweki ilitii ilichoambiwa.

Tumezima XML. Hakuna mtu aliyeiomba, na kila umbo la ziada linahitaji majaribio yake. Tumebakisha YAML mahali pamoja tu, kwenye faili la maelezo ya API, na tunalitoa kwa `application/yaml`, jina lililopata usajili rasmi kwa RFC 9512 mwezi uliopita tu. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na lake.

25 Machi 2024: Aina yetu wenyewe, imeshindikana

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: badala ya `application/json` inayosema umbo tu, tutumie aina inayotaja pia kilichomo na toleo lake, `application/vnd.pamba.mzigo.v1+json`. Utaratibu huu upo kihalali. RFC 6838 ya Januari 2013 imetenga tawi la `vnd.` kwa ajili ya bidhaa, na kiambishi `+json` kinamwambia msomaji asiyelijua jina kwamba ndani ni JSON ya kawaida. GitHub wanatumia `application/vnd.github+json` miaka yote hii.

Yaliyotupata:

Maktaba ya simu ya karani ilikuwa inalinganisha jina zima. Isipoona `application/json` herufi kwa herufi, haichambui chochote. Ikabidi tuandike kigeuzi.

Zana ya kusoma kumbukumbu za seva ikaacha kuonyesha miili ya maombi. Kwake hayo yalikuwa mabaiti asiyoyajua.

La tatu ndilo lililotuuma kwenye mfuko wa data. Nginx, programu inayopokea maombi mbele ya seva yetu, hubana majibu kwa gzip, lakini ni zile aina tu zilizotajwa kwenye `gzip_types`. Usipoandika kitu, hubana `text/html` pekee. Orodha yetu ilikuwa na `application/json`. Jina jipya halikuwemo, kwa hiyo orodha ya wanachama ikawa inashuka kwenye simu bila kubanwa. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote. Karani mmoja alipiga simu: "Kaka, bando la wiki limeisha Jumanne."

Kuongeza jina kwenye orodha ya nginx ni kazi ya sekunde. Lakini tulipoorodhesha kila mahali ambapo jina lile lingehitaji kutambulishwa, tukaona halitulipi. Toleo limehamia kwenye anwani, `/v1/mizigo`, na aina imerudi kuwa `application/json`. Mwenye wateja maelfu wanaosoma nyaraka zake anaweza kumudu jina lake mwenyewe. Sisi wateja wetu ni programu nne, na tatu kati yake tumeziandika wenyewe.

15 Aprili 2024: Kurekebisha rekodi

PATCH, aina mojawapo ya maombi ya HTTP, inaruhusu kutuma mabadiliko tu badala ya rekodi nzima. RFC 5789 haisemi mabadiliko hayo yaandikweje. Inaiachia aina ya maudhui iseme. Ukituma PATCH yenye `application/json` tupu, kwa kweli hujasema kitu.

Chaguo zilikuwa mbili. `application/json-patch+json` ya RFC 6902 ni orodha ya amri: ondoa hiki, badilisha kile, hakikisha hiki bado ni hivi. Ina nguvu, ila kwa fomu ya simu yenye visanduku vinne ni kumuua nzi kwa rungu. `application/merge-patch+json` ya RFC 7396 ni nyepesi: unatuma sehemu iliyobadilika, na `null` maana yake ni futa.

Tukachukua ya pili, na hiyo `null` ikatuchapa. Programu ya simu ilikuwa inajaza `null` kwa kila kisanduku ambacho karani hakukigusa. Karani anasahihisha jina la mkulima, seva inafuta daraja la pamba. Kwenye majaribio mizigo kadhaa ikabaki haijulikani kama ni safi au fifi, na bei za madaraja hayo mawili si sawa.

Marekebisho yako pande zote mbili. Simu sasa haitumi kabisa kisanduku ambacho hakijaguswa. Seva nayo inapokea `merge-patch+json` pekee kwenye PATCH. Ikipata aina nyingine inarudisha 415 (aina hii haikubaliki) pamoja na heda ya `Accept-Patch` inayotaja inachokubali. Toleo la zamani la programu lililobaki kwenye simu ya mtu linagonga mwamba hapohapo badala ya kuharibu vitabu kimyakimya.

Uzito wenyewe tumeuondoa kabisa kwenye PATCH. Kilo zikikosewa, karani anaandika rekodi ya kubatilisha, kisha mpya. Mhasibu alilitaka hili tangu mwanzo, na alikuwa sahihi.

20 Mei 2024: Mizani na CBOR

Mizani zinatumia mtandao wa 2G kwenye vituo vingi. Hapa tulitaka kitu kidogo kuliko JSON, tukachagua CBOR: RFC 8949 ya Desemba 2020, aina `application/cbor`. Ina maana zilezile za JSON, yaani namba, maandishi, orodha na ramani, ila kwa baiti badala ya herufi.

Hesabu ya rekodi moja hii hapa, na yeyote anaweza kuirudia (kinyume na kanuni ya Machi, hapa namba ya mwanachama imeandikwa kama namba):

`{"mwanachama":1042,"gramu":63500,"wakati":1718000000}`

Hiyo ni baiti 53. Ikiandikwa kwa CBOR na majina hayohayo ni 36, maana namba zimesinyaa lakini maneno yamebaki marefu. Tukibadilisha majina kuwa namba 1, 2 na 3, jambo ambalo CBOR inaliruhusu na JSON hailiruhusu, zinabaki 15:

`a3 01 19 04 12 02 19 f8 0c 03 1a 66 66 99 80`

Soma hivi: `a3` ni ramani ya jozi tatu, `01` ni mwanachama, `19` inasema zinafuata baiti mbili za namba, na `04 12` ni 1042. Hivyo hivyo hadi mwisho. Ukishaizoea, unaisoma kwenye kumbukumbu za seva bila zana.

Kutoka 53 hadi 15, tukashangilia. Tulipopima laini yenyewe furaha ikapungua. Kila mizani ilikuwa inafungua muunganisho mpya wa HTTPS kwa kila mzigo, na mazungumzo ya kufungua muunganisho huo, vyeti vya seva vikiwemo, hubeba kilobaiti kadhaa. Kuokoa baiti 38 juu ya hapo ni sawa na kukata bei ya chumvi kwenye harusi. Kilichosaidia kweli ni kukusanya mizigo na kuituma kwa mkupuo, muunganisho mmoja.

Na ni mkupuo huohuo uliotufanya tuibakize CBOR. Mizigo 200 kwa JSON ni baiti 10,801 ukihesabu mikato na mabano. Kwa CBOR ni 3,002. Mtandao ukikatika katikati, ambalo ni jambo la kila siku, mizani inarudia mkupuo wote. Kurudia kilobaiti 3 si sawa na kurudia 10. Tungeweza kubana JSON kwa gzip kwenye mizani, lakini kumbukumbu ya kadi ile tuna matumizi mengine nayo.

10 Juni 2024: Jina la aina lililosahaulika

Hili ndilo lililogharimu kuliko yote, na ni mstari mmoja.

Mizani za kundi la kwanza zilienda vijijini, zikatuma, seva ikajibu 200 (sawa, nimepokea), hifadhidata ikabaki tupu. Ofisini kwenye majaribio kila kitu kilikuwa sawa kwa sababu tulijaribu kwa curl, na kwenye curl tuliandika heda kwa mkono. Programu ya mizani haikutaja Content-Type yoyote, na maktaba yake ya HTTP ukiiacha hivyo hujaza `application/x-www-form-urlencoded`, aina ya fomu za wavuti. Seva ikaziamini heda, ikauchambua mwili kama fomu, ikakuta takataka zisizo na jina wala thamani, ikazitupa, ikasema asante.

Njia ya kuziba ilikuwa moja ya mbili. Ya kwanza: seva ibahatishe kwa kutazama baiti ya kwanza. JSON yetu huanza na `{` au `[`, yaani `7b` au `5b`; mikupuo ya CBOR huanza na baiti za kati ya `80` na `9f`. Kitaalamu ingefanya kazi. Ya pili: fundi aende vituoni na kompyuta na waya, abadilishe programu kwenye kila mizani.

Tulifanya zote, kwa mpangilio. Kubahatisha kuliwekwa kwenye anwani ya pembeni inayopokea vitambulisho vya mizani hizo tu, ili wakulima wasisubiri malipo. Fundi akasafiri. Nauli, bodaboda na posho vimekula shilingi 240,000, mbali na muda. Mizani mpya sasa zinasema `application/cbor`, na mkupuo wao unaanza na `d9 d9 f7`, alama ambayo CBOR yenyewe imeiweka kwa ajili ya kujitambulisha. Wala haibadilishi maana ya data. Anayefungua faili lililopotea njia anajua ameshika nini.

Seva nayo imebadilishwa: anwani ya mizigo haipokei fomu tena. Aina isiyo kwenye orodha ni 415, na taa nyekundu kwenye mizani inawaka. Jibu la 200 kwa kitu ambacho hukukielewa ni uongo.

24 Juni 2024: Mhasibu na CSV

Mama mhasibu hataki API, anataka jedwali. Tukaongeza `text/csv` kwenye anwani ya ripoti: ukituma `Accept: text/csv` unapata CSV, ukiomba JSON unapata JSON.

Kwanza, mtu anayebofya kiungo kwenye kivinjari hawezi kuandika Accept. Tukaweka kitufe kwenye dashibodi kinachotuma heda hiyo. Kesho yake dashibodi ikaanguka: akiba ya muda iliyo mbele ya seva ilihifadhi CSV ya mhasibu chini ya anwani ile, na dashibodi ilipoomba JSON ikapewa CSV. Dawa inajulikana, ni `Vary: Accept` kwenye jibu. Tuliiweka, lakini baadaye tukaachana na mbinu nzima. Sasa kuna `/ripoti/mauzo.json` na `/ripoti/mauzo.csv`, kila moja na aina yake. Kiungo kinaweza kutumwa kwa WhatsApp na kikafunguka kama kilivyo. Kuchagua umbo kwa Accept ni kuzuri baina ya mashine. Binadamu mpe anwani.

Pili, Excel. Orodha ya wanachama ilichapwa zamani kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo hugeuza alama ya king’ong’o kuwa ile iliyopinda. Kwa UTF-8 alama hiyo ni baiti tatu, `e2 80 99`. Ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, Excel ya Windows huisoma kwa usimbaji wa kompyuta husika usipoiambia vinginevyo, na kila baiti ikawa herufi. Eneo la Wasukuma, majina yenye Ng’ yamejaa. "Mwanangu," mhasibu akaniuliza, "huyu Ngâ€™wandu ndiye nani, nimlipe?"

`charset=utf-8` kwenye heda haikusaidia. Faili likishatua kwenye diski, heda zimebaki njiani. Tukatanguliza alama ya BOM, `ef bb bf`, baiti za mwanzo wa faili zinazoiambia Excel kwamba ni UTF-8. Majina yakanyooka, lakini skripti yetu ya kulinganisha malipo, inayosoma CSV ileile, ikaanza kulalamika kwamba safu ya `mwanachama` haipo. Ipo, ila jina lake sasa lilikuwa na herufi isiyoonekana mbele.

Tatu, namba. Mwanachama 00417 akawa 417. Simu zinazoanza na +255 zikageuka kuwa 2.55712E+11. CSV haina mahali pa kusema kwamba hii ni maandishi. RFC 4180 ya Oktoba 2005 inaeleza mikato, nukuu na mwisho wa mistari, basi.

Uamuzi: mhasibu anapewa faili la .xlsx halisi, ambalo kila seli inasema yenyewe kama ni namba au maandishi. Jina la aina yake ni `application/vnd.openxmlformats-officedocument.spreadsheetml.sheet`, na hakuna njia fupi. Linakili, usilichape kwa kichwa. CSV imebaki kwa skripti, bila BOM.

Dokezo kwa atakayepakia CSV kwenda kwenye seva kwa curl: `-d @wanachama.csv` huondoa alama zote za mstari mpya, na wanachama wote hufika wakiwa mstari mmoja mrefu. Tumia `--data-binary`, na uandike Content-Type mwenyewe, maana `-d` na `--data-binary` zote hudai ni fomu.

8 Julai 2024: Makosa nayo yana aina

Majibu ya makosa tumeyaweka kwenye `application/problem+json`, RFC 9457 ya Julai 2023 iliyochukua nafasi ya RFC 7807. Mfano wa mkupuo uliorudiwa:

`{"type":"/hitilafu/mzigo-umerudiwa","title":"Mzigo huu umeshapokelewa","status":409}`

Simu zikaanza kuonyesha "Hitilafu isiyojulikana" kwa kila kosa: tatizo lilelile la Machi la kulinganisha jina zima. Safari hii hatukurudi nyuma, tumesahihisha simu, kwa sababu jina hili ni la sajili ya IANA, shirika linalosajili majina haya, na maktaba nyingi zinalijua.

Simu pia sasa inasoma Content-Type kabla ya kuchambua. Seva ikilala, nginx hujibu 502 kwa ukurasa wa `text/html`, na programu ilikuwa inajaribu kuusoma kama JSON, inajikwaa kwenye `<` ya kwanza. Karani anaona ujumbe wa kifundi usiomhusu. Sasa anaona "Seva haipatikani, data yako ipo salama kwenye simu", ambayo ni kweli.

Dashibodi iko kwenye kikoa kingine, kwa hiyo kivinjari hutuma OPTIONS kuomba ruhusa kabla ya POST yenye `application/json`. Kulikuwa na pendekezo la kutuma kama `text/plain` ili kukwepa ombi hilo la ziada. Tumelikataa. `text/plain` haihitaji ruhusa kwa sababu fomu ya tovuti yoyote ile inaweza kuituma. Ukiipokea kama JSON umeondoa kizuizi kwa wageni pia. Tumeweka `Access-Control-Max-Age: 7200` ili ruhusa ikumbukwe, Chrome haizidishi hapo.

19 Agosti 2024: Data ya msimu mzima

Wakaguzi wanataka mizigo yote kwa pamoja. Tulijaribu JSON moja kwa kila mstari, umbo ambalo wengi huliita `application/x-ndjson`, jina lisilosajiliwa. Lililosajiliwa, `application/json-seq` la RFC 7464, huweka baiti `1e` mbele ya kila rekodi, na zana za wakaguzi haziijui. Wakaomba CSV iliyobanwa.

Hapo tukakutana na tofauti ya mwisho. Tulipotuma `text/csv` pamoja na `Content-Encoding: gzip`, kivinjari kilifungua mbano chenyewe, na faili likahifadhiwa wazi ingawa jina lake linaishia na .gz. Skripti yao ya kufungua ikagoma. Content-Encoding ni mbano wa njiani; kama faili lenyewe ndilo gzip na libaki hivyo, aina yake ni `application/gzip` na Content-Encoding haiandikwi. Tumebadilisha, na wamelipokea.

Anwani ya pembeni ya kubahatisha bado iko hai kwa mizani moja ambayo kituo chake kilifungwa kabla fundi hajafika. Itazimwa kabla ya msimu wa 2025.